Mkijaza askari mpakani, mhalifu mwenye pasipoti safi mtamjuaje?

Ndugu mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu ambaye barua yake ilitoka hapa wiki iliyopita, yule aliyesema ujambazi na utapeli wa wageni utaisha siku serikali ikiamua kufunga mipaka kisawasawa, kila njia ya panya iwekwe mwanajeshi na ikibidi ujengwe na ukuta. Nilimsoma mpaka mwisho na hasira zake nazielewa, maana hata huku kwetu mtu akikwapuliwa simu kitu cha kwanza utasikia "hao watakuwa wageni tu", hata kama mwizi mwenyewe kashakamatwa na ni mtoto wa mtaa wa pili. Ila kuna vitu kavichanganya, na mimi kwa kazi yangu navijua kidogo. Nina gesti ndogo huku Mbezi Luis, sio mbali na stendi ya Magufuli, kwa hiyo watu waliopita Tunduma, Kasumulu, Namanga, Mutukula, Rusumo, wanashuka kwenye basi usiku begi mkononi na mtu wa kwanza wanayemuuliza kama kuna chumba ni mimi au binti yangu wa mapokezi.

Hiyo mipaka yenyewe kwanza. Tumepakana na nchi nane, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji, halafu tuna maziwa matatu makubwa, halafu bahari kutoka Tanga mpaka Mtwara. Sasa ukuta tunaujenga Ziwa Tanganyika? Tunduma na Nakonde kama hujaambiwa mpaka uko wapi unaweza kuvuka kwenda kununua soda ukarudi bila kujua umetoka nchi, na Wamasai wa Longido wana shemeji zao Kajiado toka kabla ya huyo Mjerumani na Mwingereza kuchora mstari. Bahari nayo ina zile bandari bubu, mtu anashusha mzigo usiku kwenye mikoko na asubuhi unakuta nyayo tu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa za kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, jamani tani, sio kilo, na mzigo wa namna hiyo haupenyi kichakani kwenye begi la mgongoni, unahitaji gari na stoo na mtu wa kupokea.

Lakini mi sitaki tubaki kwenye njia za panya maana huko wanapita zaidi maskini kuliko wahalifu wakubwa. Mhalifu mkubwa anapanga foleni kama wewe, tena ana suti na anamsalimia afisa vizuri.

Hebu jiulize afisa uhamiaji pale dirishani ana nini mkononi. Ana pasipoti yako, ana kamera, ana kile kimashine cha alama za vidole, na kompyuta inayomwambia kama jina lako au hiyo pasipoti imesharipotiwa mahali. Basi. Interpol, wale polisi wa kimataifa, wana nchi wanachama 196 na wana kanzidata ya pasipoti zilizoibwa na zilizopotea, ni kitu kizuri sana, ila nayo inajua kile ilichoambiwa tu. Yule afisa ni sawa na kijana anayewekwa mlangoni kwenye harusi na orodha ya kadi, kadi yako ni single unapita mmoja, ni double mnapita wawili, hana namna ya kujua kwamba wewe mwenye kadi halali kabisa umekuja kuondoka na pochi ya mama wa bwana harusi. Sasa kumwongezea bunduki huyo kijana kunasaidia nini kama orodha ni ile ile?

Msomaji mwenzangu alitoa mfano wa Ulaya, kwamba wenzetu wamebana. Wamebana wapi? Uingereza ni kisiwa na hawajawahi kuingia kwenye ule utaratibu wa Schengen wa kupita bila kuonyesha pasipoti, yaani kila anayeingia anakaguliwa. Mwaka 2007 aliingia jamaa wa Latvia anaitwa Arnis Zalkalns, kwao alishatumikia kifungo kwa kumuua mke wake, akapita kihalali akapata kazi ya ujenzi London. Mwaka 2009 polisi wa huko huko London wakamkamata kwa tuhuma za kumfanyia udhalilishaji binti mdogo, kesi ikafa, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kuwauliza Latvia huyu mtu wenu ana rekodi gani. Mwaka 2014 binti wa miaka 14 akauawa, na baadaye mahakama ya uchunguzi ikasema ndiye yeye aliyemuua, wakati huo yeye mwenyewe kashakutwa amekufa. Hapo ukuta ungefanya nini, mtu kapita mlangoni na jina lake la kweli, taarifa zipo Latvia kwenye faili, ila faili na dirisha havijawahi kukutana.

Na wale magaidi 19 walioteka ndege Septemba 11, 2001 kule Marekani, wote waliingia na viza za Marekani. Wawili kati yao majasusi wa Marekani, CIA, walishawajua mapema, ila majina yao yakaja kuwekwa kwenye orodha ya kuzuiwa mwezi Agosti 2001, wakati jamaa wapo ndani zamani. Tena hiyo ni Marekani yenye hela zote zile.

Au Anis Amri, yule Mtunisia aliyeingiza lori kwenye soko la Krismasi Berlin Desemba 2016 akaua watu. Hapo kweli Ulaya mipaka ilikuwa wazi, baada ya tukio alizunguka Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa mpaka akaja kuuawa na polisi Italia karibu na Milan, kwa hiyo wa kufunga mipaka wanampenda sana kwenye mabishano. Sawa. Ila huyo huyo alishafungwa Italia miaka, walitaka kumrudisha kwao wakashindwa kwa sababu Tunisia hawakuleta karatasi zake kwa wakati, akaenda Ujerumani akatumia majina kumi na zaidi, na polisi wa Ujerumani walikuwa wanamfuatilia wakaacha. Mtu kashakaa jela yenu, vidole vyake mnavyo, halafu lawama apewe mlinzi wa geti!

Turudi nyumbani, maana hapa ndo pananiuma. Yang Feng Glan, yule mama wa Kichina aliyeitwa malkia wa pembe za ndovu. Alikuja nchini mara ya kwanza mwaka 1975 kama mkalimani enzi za TAZARA, Kiswahili anakimwaga vizuri, baadaye akarudi akafungua mgahawa hapa Dar, watu wanakula kwake, wakubwa wanakula kwake. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ikamhukumu miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo. Sasa ungemzuia mpakani kwa lipi? Mwaka 1975 alikuwa binti mkalimani anayejua Kiswahili. Uhalifu wake hakuja nao kwenye begi, ulizaliwa hapa hapa, na alihukumiwa pamoja na Watanzania wawili, maana tembo wa Ruaha hafi kwa kupigiwa simu kutoka Beijing, lazima awepo mtu wa kumpiga risasi na mwingine wa kubeba na mwingine wa kufumba macho barabarani.

Na Agosti 7, 1998. Wengine mlikuwa wadogo lakini mimi nakumbuka vioo. Watu 11 walikufa pale ubalozi wa Marekani hapa Dar, Nairobi zaidi ya 200. Ndio, wapo waliotoka nje, dereva wa lile lori lenye bomu alikuwa Mmisri. Lakini bomu lilitengenezwa kwenye nyumba ya kupanga Ilala, na aliyeikodi hiyo nyumba, Khalfan Khamis Mohamed, ni mtu wetu, Mzanzibari. Baada ya tukio akakimbilia Afrika Kusini kwa jina la uongo, akaomba hifadhi, akawa anauza baga Cape Town mpaka wakamkamata Oktoba 1999. Yaani kwa wale wa Cape Town mhalifu wa kigeni aliyepenya mpaka ni Mtanzania. Mwenzake Ahmed Ghailani, naye wa huku huku, kakamatwa Pakistan mwaka 2004. Huwa tunasahau kwamba na sisi ni wageni wa watu.

Kwa hiyo kwa mtazamo wangu mimi swali la msomaji mwenzangu amelianzia sipo. Mhalifu wa kigeni pale mpakani anaonekana dakika mbili tatu, anagongewa muhuri, kwisha. Akishaingia hawezi kufanya chochote bila mwenyeji. Anataka mahali pa kulala, anataka laini ya simu, anataka mtu wa kumtolea hela, anataka barua ya mtaa, anataka gari lenye namba za hapa. Mwenyeji anakaa naye miezi. Na huyo mwenyeji ni mimi mwenye gesti, ni dalali wa nyumba, ni wakala wa laini, ni mwenyekiti wa mtaa, kikulacho mnajua wenyewe kiko wapi.

Niwape picha ya kwangu. Mgeni akifika namwekea daftari, lile kubwa la jalada gumu, lina jina, kabila, uraia, anakotoka, anakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho, sahihi. Sheria za biashara yetu zinataka hivyo na mi najaza. Kwenye kazi watu wote wanaandika "mfanyabiashara", hata mtu ana mikono ya mkulima kabisa, nimezoea. Kwenye anakokwenda wanaandika "Dar", na wapo Dar tayari. Wengine wanaandika namba ya kitambulisho pungufu, binti yangu akiwaambia wanasema aah dada mi nalala tu naondoka saa kumi na moja. Sasa hilo daftari nani analisoma? Wanaokuja kwangu ni wengi sana, wa leseni, wa zimamoto, wa afya, wa takataka, wa ushuru wa kulala wageni, na kila mmoja ana kitabu chake cha risiti. Daftari wanalifunua, ndio, ila wanaangalia kama kuna mstari umeachwa wazi wapate pa kunibana. Sijawahi kuona mtu amekaa chini akaandika namba za pasipoti zilizomo akaenda kuzilinganisha na chochote. Daftari likijaa naliweka kabatini nafungua jipya, panya wameanza kula yale ya chini.

Siku moja mhudumu wangu anasafisha chumba akakuta droo iko wazi na pasipoti mbili, sura moja majina mawili, za nchi mbili tofauti. Mgeni mwenyewe mpole, analipa mapema, anamwita mhudumu "mwanangu". Nikaenda kwenye ofisi moja inayohusika, sitaitaja. Nikakaa benchi. Nilipoingia nikaeleza, afisa akaniuliza wewe biashara yako ina leseni? Ipo wapi? Cheti cha zimamoto je? Nikaambiwa nirudi na nakala za hivyo vyote ndo maelezo yangu yachukuliwe, yaani mimi niliyeleta taarifa ndo nimegeuka mshitakiwa. Narudi nyumbani mgeni kashaondoka, ufunguo kauacha mapokezi na salamu zangu kaniachia. Sijui kama alikuwa jambazi au ana mama wa nchi moja na baba wa nyingine, wapo wengi wa namna hiyo. Ila hakuna aliyetaka kujua. Sasa mnategemea wenye gesti wengine wanaojua habari hii wataenda kuripoti?

Na laini za simu. Januari 2020 walifungia laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, tukaambiwa utapeli kwisha habari yake. Mimi mpaka leo napokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Mgeni wa nje utaratibu wake upo, anasajili kwa pasipoti yake, lakini wapo wanaomfuata binti wa mapokezi wanamwambia nisajilie kwa namba yako ya NIDA nakupa elfu kumi. Wangu nimemkataza, na akifanya anajua kazi hana. Bodaboda wa pale nje nani amkataze? Elfu kumi ni pesa ya siku nzima. Hapo ndo mgeni anapata jina la Kitanzania, sio Namanga, ni chini ya mwembe wa maegesho ya boda, na akitapeli mtu Mwanza polisi wanakuja kumbeba dogo wa watu ambaye hata Mwanza hajawahi kufika.

Sisemi mipaka haina kazi, asije mtu akanilisha maneno. Oktoba 2020 wale magaidi wa Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakaingia Kitaya kule Mtwara wakaua watu na kuchoma nyumba, hapo huwezi kuzungumzia daftari la gesti, hapo ni jeshi na lazima liwepo. Na mpaka ukiwa na taarifa unafanya kazi kweli, mtu jina lake limeshatumwa anakamatwa pale pale kaunta na soda yake mkononi. Shida ni kuuaminisha umma kwamba geti peke yake linatosha. Félicien Kabuga alitafutwa dunia nzima kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Wamarekani wakaweka mpaka dola milioni 5 kwa atakayemtaja, akakaa miaka 26 hajashikwa, mipaka aliyovuka hata yeye huenda hakumbuki. Alikamatwa Mei 2020 kwenye nyumba karibu na Paris, na wapelelezi walimpata kwa kufuatilia simu za watoto wake. Wenyeji wake!

Kuna jambo lingine na hili wa Kigoma watanielewa haraka. Ukisema "bana mipaka" bila taarifa, kazi inageuka kuwa ya kukisia kwa sura na lafudhi. Muha wa Kasulu anashushwa kwenye basi anaambiwa wewe Mrundi, taja jina la babu, imba wimbo wa taifa, na mwenzake mwenye pasipoti feki ya bei mbaya anapita amekaa siti ya mbele. Mwaka 2013 kwenye Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita waliondolewa maelfu, na kati yao yakaja malalamiko ya watu waliozaliwa hapa, walioolewa hapa, wenye makaburi ya wazazi hapa. Ujambazi wa kuteka mabasi kwenye mikoa ile ulikuwa wa kweli, sikatai, watu walikuwa wanasafiri kwa kusindikizwa na polisi. Lakini ukichanganya jambazi na bibi wa miaka sabini kwenye lori moja, yule bibi na wajukuu zake kesho wakimuona jambazi hawakwambii.

Na kadri unavyobana bila akili ndo unavyowanenepesha wapitishaji. Wale vijana wa Kihabeshi wanaokwenda Afrika Kusini, mwaka 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma, wamekosa hewa ndani ya lori. Hawakuwa wahalifu, walikuwa watoto wa watu wanatafuta maisha, wahalifu walikuwa wenye lori na wenye mtandao, na humo ndani huwezi kukosa majina ya kwetu. Kila lori la namna ile kufika Dodoma limepita vizuizi vingapi? Hao askari wa vizuizini walikuwepo, msomaji mwenzangu. Walikuwepo na bunduki zao.

Kama hela ya kujenga ukuta ipo kweli, basi naomba nipendekeze pa kuipeleka. Nipewe namna rahisi ya kutuma majina na namba za pasipoti za wageni wangu kwa simu kila usiku, sio programu inayotaka kompyuta ya milioni mbili, iwe kama tunavyonunua umeme, na upande wa pili akae mtu anayezisoma kweli na kuzilinganisha na zile zilizogongwa mpakani. Nchi za Afrika Mashariki na hizi za kusini mwetu zipeane hukumu za watu wao, mbakaji aliyetumikia kifungo Lusaka ajulikane Tunduma kabla hajauliza bei ya chumba. Anayesajili laini kwa jina la mwingine ashughulikiwe wakala, sio dogo wa boda peke yake. Barua ya mtaa isitolewe kwa mtu ambaye mjumbe hajawahi kumuona, hapa kwetu ukiwa na elfu tano na haraka unaipata hata siku ya Jumapili. Na atakayepeleka taarifa asiulizwe cheti cha zimamoto, hilo halihitaji hata shilingi ya bajeti.

Ukuta kwenye Ziwa Tanganyika tuwaachie dagaa.

Mama mwenye gesti,
Mbezi Luis, Dar es Salaam